Chozi la Marehemu Shubiri

"Leo nakufa?"

Mpambaji alikuwa ameshika brashi ya poda. Akajifanya hakusikia. Shubiri akairudia karatasi, safari hii akiifuata kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Kwenye tamthilia yao karatasi za maneno zilitolewa asubuhi ya kazi ili siri isivuje, na yeye alizoea kupewa furushi zito. Za leo zilikuwa nyepesi. Neno lake la mwisho lilikuwa "Maji". Chini yake wameandika: Anakata roho.

"Dada, nimekuuliza."

"Mimi napaka poda tu, mdogo wangu," mpambaji akasema bila kumtazama. "Nimeambiwa nikutoe rangi ya midomo. Mengine muulize Mwandishi."

Walikuwa ndani ya stoo ya mashuka ya hospitali waliyoazimwa wodi moja. Muuguzi mkuu alishawaambia kwamba wagonjwa wake wamesogezwa kwa muda tu, kabla ya saa ya kutazamwa kitanda kiwe kimerudi kwa mwenyewe. Nje, mafundi wa taa walikuwa wanaburuta nyaya. Shubiri akakumbuka jinsi wenzake walivyokuwa wakimtazama tangu juzi. Huyu anamwachia kiti, yule anampa chai kabla hajaomba. Kumbe walikuwa wanahani.

Shubiri halikuwa jina lake. Ni jina la mwanamke mbaya wa kwenye tamthilia, lakini lilimganda hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo. Alianza pale kama mtu wa kubeba sinia. Alitakiwa aingie sebuleni kwa tajiri, aweke chai, atoke, asiseme neno. Siku hiyo kijiko kikamponyoka. Badala ya kuganda, akainama akakiokota taratibu, na alipoinuka akamtupia mama mwenye nyumba jicho moja tu. Jicho lile! Mwandishi akaweka kalamu chini, akauliza yule binti ni nani. Wiki iliyofuata akapewa sentensi moja. Iliyofuata, mbili. Mwisho mbeba sinia akampokonya mwenye nyumba mume, nyumba na mbwa, na nchi nzima ikawa inakaa mbele ya televisheni kila jioni kumlaani.

Msidhani ni bahati. Mama yake ni fundi cherehani, na maneno yote ya Shubiri yalihifadhiwa pembeni ya cherehani ile. Mama anakanyaga pedali huku anasoma sehemu za watu wengine, mwana anajibu kwa sauti ya kupita kelele za mashine. Ndiyo maana mwongozaji hakuwahi kumwambia apaze sauti. Wenzake walipaka dawa ya mafua chini ya macho ili walie. Yeye hakuwahi kuigusa. Na alijua kulia kwa jicho moja, lile linalotazamana na kamera, la pili likabaki kavu ili poda isiharibike. Sokoni muuza vitunguu alikataa kumuuzia, akamwambia akanunue kwa mashetani wenzake. Shubiri alirudi nyumbani anacheka. Alisema, akinichukia yule, basi nimefanya kazi.

Mwandishi akaingia stoo akiwa na kikombe mkononi, sura ya huruma.

"Samahani mwanangu. Unajua desturi yetu, anayeaga hatumwambii siku yake. Mtu akijua kesho anakufa, leo anaanza kuigiza kama mgonjwa."

"Nani ameaga?"

"Wewe."

"Mimi nimemuaga nani?"

Mwandishi akashusha kikombe. Ndipo akaeleza, neno kwa neno, kwamba mchumba wake alikuja ofisini. Kijana mpole, mwenye heshima zake, na mfuko wa vifaa begani. Alisema Shubiri amechoka, anataka kuolewa na kutulia, ila anaona haya kusema mwenyewe kwa sababu wamemlea. Akaomba wamwondoe kwa heshima.

"Na mkaamini?"

"Tulimjua. Si ndiye anayekuja kuzima friji letu?"

Ni kweli walimjua. Kwenye jiko la tamthilia lilikuwapo friji la kweli lililokuwa likinguruma na kuharibu sauti. Akaitwa fundi. Akawa anakaa nyuma ya ukuta wa mbao, akiambiwa zima anazima, akiambiwa washa anawasha, na katikati hapo anamtazama Shubiri. Siku moja Shubiri alipomaliza kulia mbele ya kamera, Fundi akamfuata na uso wa wasiwasi, akamuuliza kwa adabu kama lile jicho la pili lina ugonjwa. Shubiri alicheka mpaka mpambaji akamgombeza kwa kuharibu rangi. Mapenzi yao yalianzia hapo. Na siku mama yake Shubiri alipolazwa, Fundi alimwona akilia kikweli, macho yote mawili, makamasi mpaka kidevuni. Akamfuta kwa kitambaa chake cha kazi, akasema haya sasa ndiyo machozi, yale mengine ni ajira.

"Basi nirudisheni," Shubiri akasema. "Semeni nimepona."

Mwandishi akatikisa kichwa. Mazishi yalishapigwa picha. Kwenye tamthilia mambo hayafuati mstari. Watu wa kujaza uwanja wa makaburi walipatikana juzi, kwa hiyo walizika kwanza, kifo kikafuata. Juzi ile ile Shubiri aliyopewa mapumziko akashangilia.

Juzi. Akakumbuka alikokuwa juzi. Akachukua simu, akapiga.

"Malkia," Fundi akaitika. Nyundo ilikuwa inalia nyuma yake. "Niko chini ya friji la bucha, nakusikia kwa mbali."

"Ulikwenda ofisini kwa Mwandishi?"

Nyundo ikanyamaza.

"Nilitaka nikwambie tukishafunga ndoa."

"Nani alikwambia nimechoka?"

"Mpenzi, mama yangu anachekwa. Akikaa na wenzake wanamwambia mkwe wako atakutilia sumu kwenye chai. Ile nyumba ya watu umeiteka, sasa unakuja kuteka yake. Nikaona nikuondolee lawama polepole, bila ugomvi."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

Mpambaji aligeukia mashuka, akajifanya anayahesabu.

"Kumbe jibu ulikuwa nalo," akasema, akakata simu.

Wako watakaosema angegoma palepale, angevua lile gauni la mgonjwa aondoke. Mimi nasema tazameni alivyofanya, mjue kazi ni nini. Aliuliza kamera itakaa upande gani. Akapanda kitandani.

Kwenye hadithi, Shubiri alikuwa anakufa peke yake katika nyumba yenye watu wengi, wote wanasubiri funguo. Akaomba maji. Hakuyaomba kwa sauti ya mtu mbaya. Aliyaomba kwa sauti ile ya mbeba sinia wa mwanzo, sauti ambayo nyumba ile ilishaisahau, na mzee aliyeigiza mumewe akasahau maneno yake, akabaki ameshika glasi. Kisha mkono wake ukalegea juu ya shuka, kidole kimoja kimoja. Pumzi ikaenda. Kamera ikamsogelea usoni, ikakaa, kwa sababu mwongozaji alipenda kukaa juu ya maiti mpaka mtazamaji achoke.

Amelala pale, macho yamefumbwa, pumzi ameibana. Na kitu kilichomjia hakikuwa kifo. Kilikuwa duka la mapazia. Juzi, wakati wenzake wanamtupia udongo, yeye alikuwa dukani na Fundi. Anashika pazia la kijani, Fundi anasema hili litapauka. Anashika la maua, Fundi anasema chukua unalopenda wewe. Fundi alikuwa anacheka naye huku anajua.

Chozi likatoka. Moja, jicho la upande wa kamera. Likateremka juu ya shavu la maiti mpaka sikioni.

"Kata," mwongozaji akasema, na hakuna aliyesogea.

Mtu mmoja akanong'ona kwamba maiti imelia, warudie. Muuguzi mkuu alikuwa mlangoni na mgonjwa wake kwenye kiti cha magurudumu. Haikuwezekana kurudia. Mwongozaji akasema watalifuta hukohuko kwenye kuunganisha picha. Mwandishi alikuwa anamtazama Shubiri anavyojifuta.

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu: "Nisamehe malkia wangu. Nilifanya kwa mapenzi. Kesho nikuone."

Akajibu: "Siku ya mapazia ulijua nazikwa."

Shubiri akaivua pete, akaiweka kwenye kopo la vifungo vya mama yake.

Mama alikuwa kwenye cherehani, gauni la harusi limelala mapajani, mkono mmoja umeshaungwa. Alimwona mwanawe anavyoketi, akajua. Hakuuliza habari ya kifo wala ya Fundi.

"Niendelee au nipumzike?"

"Pumzika, mama."

Mama akakata uzi kwa meno, akakunja gauni, akaifunika cherehani kwa kitambaa. Kisha akasema lile ambalo nami nataka binti zetu walisikie, kwa sababu tunawafundisha kupika, kuficha siri na kuvumilia, hili tunalisahau.

"Mwanangu, anayekuchukia akikata tawi ulilokalia, utamsikia, shoka lake lina kelele. Muogope anayekata huku amekushika mkono, anakwambia usiogope, nakushusha."

Siku zikapita bila kazi. Aliamka alfajiri kwa mazoea, akajikuta hana pa kwenda. Akawa anashona vifungo. Fundi alikuja mara nyingi, akakaa nje ya geti, akazungumza na geti. Mama alimpa maji ya kunywa, maana mgeni ni mgeni, ila mlango hakumfungulia.

Ikafika jioni ya kifo chake. Shubiri alitaka kwenda kulala, mama akamzuia, akasema mtu hakimbii msiba wake. Mpambaji naye akaja. Wakakaa watatu, wakamtazama akiomba maji, na mama mtu ambaye alijua kila neno akaanza kulia mapema. Kamera ikasogea. Shubiri alingoja wakate. Hawakukata. Chozi lile lile, zima, likateremka mbele ya nchi nzima.

"Hawakulifuta," akasema.

"Mwandishi aligoma," mpambaji akajibu, anajipangusa. "Alisema atakayeligusa amtafute mwandishi mwingine."

Simu ikaanza kutetemeka mezani mpaka ikaanguka. "Hajafa huyo, nimeona chozi." "Mfukueni kabla hewa haijamwishia." Asubuhi redioni wakamwita daktari kumuuliza kama marehemu anaweza kulia, na daktari wa watu akajibu kwa utaratibu kana kwamba ameletewa maiti yenyewe. Sokoni yule muuza vitunguu alimjazia mfuko, akakataa malipo, akamshika mkono na kumpa pole ya msiba wake mwenyewe.

Aliporudi na vitunguu vyake, akamkuta mama mmoja amekaa sebuleni, mkoba mapajani, wima kama yuko kwenye benchi la hakimu. Nyuma yake amesimama Fundi, kakonda. Shubiri hakuwahi kukutana na mama yule ana kwa ana. Kila posa ilipopangwa, alikuwa anaumwa.

"Wewe ndiye marehemu?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akamtazama juu mpaka chini. "Kumbe mwembamba. Nimekuja kuuliza kitu kimoja, niondoke. Lile chozi la jana lilikuwa la kazi, au la kweli?"

"La kweli, mama."

"Nilijua. Nimekutazama toka ukiwa na sinia. Ya kazi nayajua yote, lile lilikuwa jingine. Nani kakuliza?"

Shubiri alikuwa na maneno ya kutosha, angeweza kumwaga sumu yote ya Shubiri pale sebuleni, na mama yake aliyekuwa jikoni alikuwa ameshaacha kukoroga ili asikie. Lakini akasema tu:

"Mwanao yuko hapo, muulize."

Mama mtu akageuka. Fundi akaeleza. Ofisi, uongo, mazishi, mapazia. Hakujitetea hata kwa neno.

"Mimi nilisema nachekwa," mama mtu akasema. "Nilisema uue mtu?"

"Hapana, mama."

"Nachekwa, ndiyo. Wananiambia nitatiliwa sumu kwenye chai, nami nawajibu, lakini chai itakuwa tamu. Hayo ni mazungumzo yetu ya watu wazima! Tangu lini kicheko cha wanawake kikawa hukumu?" Akamgeukia Shubiri, na kwa mara ya kwanza uso ukalegea. "Mimi ni mjane, mwanangu. Jioni ikifika nyumba yangu ina sauti mbili, ya kwangu na ya kwako. Sasa nitatazama nini?"

Shubiri akamtengenezea chai. Mama yule akaipokea, akainusa kwanza makusudi, akainywa yote. Ndipo wanawake wote watatu wakacheka, na Fundi akabaki amesimama na mfuko wake. Hakuna aliyemwambia akae.

Mwandishi alipiga simu mchana ule. Wakubwa wanataka Shubiri afufuke. Jeneza lilikuwa limefungwa, hakuna aliyeonyeshwa maiti ndani, na chozi lipo. Arudi lini?

"Mimi sikuondoka," Shubiri akasema. "Aliyesema nimeondoka aje aseme vinginevyo, palepale, mbele ya wale wale."

Siku ya kusoma maneno, walikuwa wote wamezunguka meza ndefu, kuanzia mwongozaji hadi mshika kipaza sauti. Fundi akaingia. Alikuwa amezoea kukaa nyuma ya ukuta, mbele za watu alikuwa hajui mikono aiweke wapi. Nyuma yake friji lilikuwa linanguruma, akaenda kulizima kwanza, maana alijua watu wale hawasikii likiwaka.

"Nilisema amechoka," akaanza. "Hakuwa amechoka. Hakunituma. Mimi ndiye niliyeona haya, nikamvisha yeye haya zangu. Nilidanganya kwenye kazi yake, ambayo hata sijui inafanywaje, mimi najua kuzima friji tu. Nyinyi mlimzika kwa kudanganywa. Mimi nilimzika kwa kujua. Naomba msamaha kwenu, na kwake."

Shubiri alikuwa ameshapakwa poda ya kaburini tayari kwa kazi. Alijibana. Akafikiria sinia, akafikiria kijiko, hila zake zote za kuzuia. Hazikufaa. Jicho la kulia likaachia, la kushoto likafuata, na pua ikawa bomba. Mpambaji akashika kichwa. Fundi akasogea, akatoa kitambaa chake chenye harufu ya grisi, lakini hakumfuta. Akakishika tu, amekinyoosha, akangoja achukue mwenyewe au asichukue.

Akakichukua. Akapenga.

"Naomba nikuulize jambo," Fundi akasema chini chini. "Jibu lake sinalo."

"Uliza."

"Bado unanitaka? Hivyo ulivyo, na kazi yako, na kulaaniwa kwako sokoni?"

Mwongozaji akakohoa, akasema jamani, marehemu anahitajika, jeneza limeshafika. Shubiri akamrudishia Fundi kitambaa, akaenda kulala ndani ya jeneza bila kujibu. Fundi akarudi mahali pake nyuma ya ukuta wa mbao, akakaa karibu na friji. Akasikia kifuniko kikifungwa. Akasikia kimya, kisha kucha zikikwaruza mbao kutoka ndani, taratibu, mpaka nywele zikamsimama yeye anayejua kwamba ni mchezo. Kifuniko kikafunguka. "Maji," sauti ikasema, na safari hii ilikuwa sauti ya mwenye nyumba. Watu wakapiga makofi hata kabla ya mwongozaji kusema kata.

Akamjia nyuma ya ukuta bado ana vumbi la kaburi kichwani.

"Nimekuja na jibu," akasema.

Fundi akasimama. Hakuthubutu kuuliza.

"Ndiyo. Lakini mapazia tunachagua upya."

Mama alifunua cherehani jioni ile ile. Harusi ilifanyika siku ambayo tamthilia ilikuwa mapumzikoni, na mama mkwe alikaa mbele kabisa, kila anayepita anamwambia kwamba huyu ndiye Shubiri, na kwamba chai yake ameshainywa na bado mzima. Lile pazia la kijani ndilo walilolitundika sebuleni. Limepauka, kama Fundi alivyosema. Hajawahi kumkumbusha.